Getembe, Bosongo, Kisii: Mji wa majina matatu na shujaa aliyezikwa bila kichwa

Kuna mji Afghanistan unaitwa Mazar-i-Sharif. Usikimbie, Kisii tunafika saa hii tu. Lakini sikiza hilo jina kwanza, kwa sababu wewe msemaji wa Kiswahili unalielewa nusu bila kamusi. Mazar inatoka kwa mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa zuru na ziara: ni mahali panapozuriwa, yaani kaburi la mtu mkubwa. Sharif ni sharifu, yule yule wa Lamu na Mombasa. Kwa hivyo mji mzima, mmoja kati ya mikubwa kabisa nchini mwao, unaitwa Kaburi Tukufu. Hebu wazia makanga akiita abiria: "Kaburi Tukufu, wawili twende!"

Kaburi lenyewe ni la nani? Watu wa huko wanasema ni la Ali bin Abi Talib, mkwe wa Mtume Muhammad. Simulizi ni kwamba wafuasi wake waliogopa maadui wangeuharibu mwili, wakaupandisha juu ya ngamia jike mweupe, akatembea mpaka akaanguka, na hapo alipoanguka ndipo walipozika. Karne ya 12 watu wa kijiji kimoja karibu na mji wa Balkh wakasema wameliona kaburi, na Sultan Sanjar akajenga juu yake. Mwaka wa 1220 au karibu na hapo Genghis Khan akapita na jeshi lake, jengo likaisha. Mnamo 1481 hivi, Sultan Husayn Bayqara akajenga upya, na hilo jengo la vigae vya buluu ndilo watu wanapiga nalo picha mpaka leo. Balkh, uliokuwa mji mkuu wa miaka na mikaka, ukachoka, na mwaka 1866 serikali ikahamia pale kaburini. Mji mkubwa ukawa kijiji, kijiji kikawa mji mkubwa.

Sasa utamu ni huu: Waislamu wengi duniani wanasema Ali amezikwa Najaf, Iraq. Watu wa Mazar wanajua hivyo. Hawajali. Kila mwaka mpya wa Kiajemi ukiingia mwezi wa tatu wamekuwa wakifurika pale kwa maelfu, na wanakwambia njiwa wa kijivu akikaa pale siku 40 anageuka mweupe. Mji umejengwa juu ya mwili ambao pengine haupo, na jina limeshika.

Kwetu ni kinyume. Miili tunayo kwenye hadithi, majina ya mji tumewaachia wengine.

Ukipanda matatu kutoka Keroka au Nyamira, makanga anaita "Kisii, Kisii." Lakini mwulize nyanya aliyeketi nyuma na ndizi zake anaenda wapi. Atakwambia anaenda Bosongo. Omosongo kwa Ekegusii ni mzungu. Bosongo ni kwa wazungu, uzunguni. Miaka zaidi ya 60 baada ya uhuru, hakuna mzungu anayeishi pale mtaani Mwembe, na bado mama anaenda sokoni Daraja Mbili akisema anaenda kwa wazungu. Jina la zamani, kabla ya hao wageni kuweka hema lao, ni Getembe. Hilo utalisikia kwa wazee, na kwa vijana wachache wanaolitumia kama swaga.

Na "Kisii" yenyewe? Hapa hata sarufi inacheka. Watu wanajiita Abagusii, mmoja ni Omogusii, lugha ni Ekegusii, na babu wa wote kwenye masimulizi ni Mogusii. Ukifuata Kiswahili, ki- ya mwanzo ni ya lugha, kama Kikamba au Kijaluo. Kwa hivyo "Kisii" inasikika kama lugha ya watu fulani wanaoitwa Wasii, ambao hawako. Ndiyo maana tunaishia kusema "Mkisii" na "Kikisii", ki juu ya ki, kama kuvaa soksi mbili kwa mguu mmoja. Waingereza walipoanza kuandika habari za huku walitumia hata Kosova, jina la kuazima kwa majirani. Abanchari wakaandikwa Wanjare. Karani mmoja amesikia vibaya, ameandika, ramani imechapwa, na wajukuu wanajaza fomu ya kitambulisho kwa makosa yake.

Kabla ya ramani kulikuwa na mtu anayeitwa Sakawa, wengine wanaandika Sakagwa. Alikuwa nabii na mganga wa Kitutu, na inakubalika sana kwamba alifariki karibu na mwaka 1902. Masimulizi ya Abagusii yanasema alitangaza kuja kwa watu weupe kabla ya yeyote huku kumwona mmoja. Alisema mashujaa watanyang'anywa silaha. Halafu, na hii ndiyo sehemu wazee wanaipenda, alienda Getembe, kukiwa bado kichaka na malisho, akaonyesha kwa mkono: hapa watakaa askari, hapa patakuwa nyumba ya wagonjwa, hapa ofisi ya mkubwa. Yaani ramani ya mji ilikuwepo kabla ya mji.

Unaweza kusema hadithi hiyo ilipambwa baadaye, wakati majengo tayari yamesimama. Mimi naona hivyo pia, kidogo. Lakini angalia inafanya nini. Inakwambia mji huu haukubuniwa na mzungu. Ulikuwa umeshaonwa na mtu wetu, mzungu alikuja tu kuweka mabati.

Na kama yule wa ngamia mweupe, Sakawa hakukubaliwa kufa. Wapo waliosema ametoweka, atarudi. Waliendelea kumngoja miaka mingi baada ya kuondoka kwake.

Wazungu wakaja kweli. Mwaka 1905 jeshi la King's African Rifles lilipanda huku likaua watu kwa bunduki na kuchukua ng'ombe. Mwaka 1907 kituo cha serikali kikafunguliwa Getembe chini ya kijana mmoja, Geoffry Northcote. Wenyeji hawakuweza hilo jina, wakamwita Nyarigoti. Kodi ikaja, mifugo ikaendelea kuchukuliwa.

Kulikuwa na mwanamke, Moraa wa Ng'iti, mganga na mwonaji. Inasimuliwa kwamba aliwaambia wanaume wa Kitutu wazi: kama ninyi mnaogopa, leteni hizo silaha tushike sisi wanawake. Kijana aliyelelewa karibu naye, Otenyo Nyamaterere, hakungoja kuambiwa mara ya pili. Januari 1908 alimvizia Nyarigoti njiani na kumdunga mkuki mgongoni.

Nyarigoti hakufa.

Kilichofuata hakikuwa vita, kwa maana vita ni pande mbili. Vijiji vilichomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, watu zaidi ya 100 wakauawa. Hata Winston Churchill, ambaye hakuwa mtu wa kuhurumia Waafrika ovyo, na wakati huo alikuwa naibu waziri wa makoloni kule London, aliandika kuuliza kama kweli kuna haja ya kuendelea kuua watu wasio na ulinzi kwa kiwango kile. Ukiona Churchill anakwambia umezidisha, jua umezidisha.

Otenyo alikamatwa na kuuawa. Watu wa Kisii watakwambia alipigwa risasi pale penye Gusii Stadium ya leo, na kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na kiwiliwili ndicho kilichobaki kwa watu wake. Hadithi ya namna hii iko kwa Wanandi pia: Koitalel arap Samoei aliuawa Oktoba 1905, na inasemekana kichwa chake nacho kilisafiri. Fimbo zake za uongozi zilirudishwa mwaka 2006. Kichwa, bado.

Kama hujakulia Kisii au Nyamira huenda unajiuliza kwa nini fuvu la zaidi ya miaka 100 liendelee kuwa mada. Basi elewa kidogo matanga ya huku. Mtu huzikwa kwao, kwenye boma lake, kwenye ardhi yake. Familia zinachanga pesa miezi, zinakopa, zinagombana mpaka kortini kuhusu nani atamzika nani na wapi. Mgusii akifia Houston au Minneapolis, wenzake huko wanachangisha maelfu ya dola arudi nyumbani mzima kwenye jeneza. Sasa mtu aliyezikwa nusu, nusu nyingine iko ndani ya sanduku kwenye nchi ya aliyemuua, huyo hajazikwa. Anangoja. Mfalme Charles alikuja Kenya Oktoba 2023, akasema ukatili wa ukoloni haukuwa na kisingizio, akasikitika, akarudi kwao. Kusikitika si mzigo, angebeba kitu mkononi tungeona.

Na Nyarigoti? Alipona, akapanda cheo. Akawa gavana British Guiana, halafu gavana wa Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941. Kule Hong Kong, chuo cha ualimu kilipewa jina lake, Northcote College, na kiliishi na hilo jina miaka mingi. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokataa, kwa hivyo habari za vyuo huwa zinaniuma kidogo, lakini hii iliniuma zaidi. Aliyedungwa mkuki akapata chuo. Aliyeushika mkuki hana hata kichwa.

Kuna kipande kimoja cha hii historia ambacho hakifundishwi sana na ndicho ninachokipenda. Septemba 1914, Vita vya Kwanza vimeanza, Wajerumani wakavuka kutoka Tanganyika wakaingia Kisii. Waingereza wakauacha mji. Wenyeji wakatazama mji wa wazungu ukiwa hauna mzungu. Utabiri! Sakawa alisema! Katika masimulizi yale yale ya nabii kulikuwa na ahadi kwamba wageni wataondoka siku moja. Watu wakashuka kutoka vilimani, wakapora ofisi za serikali na maduka, wakaingia misheni ya Wakatoliki Nyabururu na ya Waadventista Nyanchwa. Siku chache tu. Mapigano yakapiganwa tarehe 12, Wajerumani wakarudi walikotoka, Waingereza wakarudi mjini, na wakarudi na adhabu.

Matumaini hayakufa na adhabu. Dini ya Mumbo, iliyokuwa imeanza mwaka 1913 kwa Waluo wa Alego, kwa mtu aliyeitwa Onyango Dunde aliyesema amemezwa na nyoka mkubwa wa ziwani na kutapikwa na ujumbe, ilishika moto Gusii. Huku ikachanganyika na jina la Sakawa: atarudi, wazungu wataenda. Serikali ikawakamata viongozi na kuwapeleka uhamishoni pwani. Fikiria unaogopa jina la mtu aliyekufa mpaka unamsafirisha aliye hai kwa kulitaja.

Kama kuna mahali Gusii panapofanana na mazar, pa kuzuriwa, basi ni juu Manga. Siku hizi ile miamba iko Nyamira kwenye karatasi, maana Nyamira ilimegwa kutoka Kisii mwaka 1989 ikawa wilaya, na tangu 2013 ni kaunti kamili. Lakini ukuta wa Manga unauona ukiwa Kisii mjini, umesimama kaskazini kama mgongo wa mnyama aliyelala. Abagusii walijihifadhi huko wakati wa mashambulizi ya majirani. Huko kuna Ngoro ya Mwaga, shimo kwenye mwamba lenye hadithi nyingi ambazo hazipatani: wengine wanasema wazee walitambika hapo, wengine kwamba lilijua nani ataishi na nani anakufa. Uliza watu watatu utarudi na mashimo matatu. Sioni ubaya. Mazar-i-Sharif iliishi miaka zaidi ya 800 bila kuelewana na Najaf.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2024, na watu wetu nao hawaachi kuota Kisii jiji. Sawa. Siku hiyo ikifika kutakuwa na kamati, na kamati hupenda mabango. Kabla ya bango kuchorwa, mtu aulize jina. Sisemi lazima liwe Getembe. Pengine Kisii imeshatuzoea na sisi tumeizoea, hata na ki- yake ya bure, na kubadilisha jina bila kubadilisha maji taka ni mchezo wa wanasiasa. Lakini stadi ambako tunaenda kupiga kelele za "Tore Bobe" Shabana ikicheza ina nafasi kubwa ukutani, na jina la Otenyo lina herufi sita tu.

Na kama unaenda Manga, panda asubuhi. Huku mvua ni saa nane, saa tisa, haikosi sana, na ule udongo mwekundu ukilowa hauna heshima kwa raba nyeupe. Ukifika juu mbingu zikiwa safi unaona mji wote chini na mbali upande wa magharibi ziwa linang'aa. Beba ndizi zako na maji.