Kusikia Si Kufahamu

Mwalimu aliyemaliza kusema hajui bado kama amefundisha. Twasema hivyo si kwa kuwadharau waalimu wa Vyuo Vikuu, bali kwa kuwa mmoja wao alilikiri jambo hilo mwenyewe, na maneno yake yapasa kufikiriwa na kila Idara ya Fizikia.

Profesa Eric Mazur alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1984. Wanafunzi wake walimsifu, na mitihani waliishinda. Baadaye aliwapa maswali mepesi yasiyo na hesabu, kama hili: lori zito likigongana na motokaa ndogo, ni gari lipi linalosukuma kwa nguvu zaidi? Sheria ya tatu ya Newton yasema nguvu hizo ni sawasawa. Wengi walikosea maswali ya namna hiyo. Mwanafunzi mmoja hata aliuliza ajibu vipi: kama alivyofundishwa, ama kama anavyofikiri mwenyewe?

Hapo ndipo siri ilipofichuka. Vijana wale walikuwa wamekariri kanuni, wala hawakuifahamu fizikia.

Mwaka 1991 Profesa Mazur alibadili mwendo. Mwalimu husema kwa dakika chache, kisha huuliza swali. Kila mwanafunzi huchagua jibu lake peke yake, ndipo humgeukia jirani yake wakahojiana, halafu huchagua tena. Aliyefahamu jambo sasa hivi bado akumbuka mahali lilipomkwaza. Mwalimu amekwisha sahau.

Je, mwendo huo wafaa? Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya jaribio la juma moja katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Darasa moja lilifundishwa kwa mhadhara na profesa mzoefu. La pili, kwa maswali na mahojiano, na waalimu wasio na uzoefu kama wake. Katika mtihani ule ule, la kwanza lilipata wastani wa asilimia 41, na la pili 74.

Wako watakaolalamika kwamba vyombo ni ghali. Kunyosha mikono hakuna gharama. Kikwazo kikubwa ni kingine: uchunguzi wa Harvard wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanafunzi walioshiriki darasani walijifunza zaidi, walakini wao wenyewe walidhani wamejifunza kidogo. Basi idara impimayo mwalimu kwa sifa za wanafunzi peke yake yaweza kumwadhibu yule afundishaye vema.

Kwa hiyo twatoa rai tatu. Ufahamu upimwe mwanzo wa muhula na mwisho wake. Waalimu waingie katika madarasa ya wenzao. Na wanafunzi waambiwe tangu siku ya kwanza kwamba taabu waionayo ndiyo kujifunza kwenyewe.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na hapa wa kwanza kuinama ni mwalimu.