Mwiba wa Nyuki na Hesabu ya Damu

Tuseme ndugu wawili wa Saadani wamekwenda kurina asali mikokoni, kaskazini ya mto Wami, wakati mchu unapotoa maua. Moshi umekuwa haba, nyuki wamekasirika. Kaka amedungwa mara kumi na tano. Analalamika, kisha anacheka. Jioni uso umemvimba, basi. Mdogo wake amedungwa mara moja tu, shingoni. Haijapita robo saa, mwili mzima unamwasha na kutoka mabaka, sauti inakauka, pumzi inabana, macho yanaona giza, naye anaanguka mchangani.

Kijijini watasema nini? Wengine watasema nyuki wale wametumwa. Mbona kaka aliyedungwa mara kumi na tano yu mzima? Tena mbona huyu mdogo mwaka jana alidungwa asipate neno? Maswali hayo ni mazuri sana, wala hayahitaji mpiga ramli. Jibu lake limo katika damu, na siku hizi laweza kupimwa.

Kwanza tumjue nyuki mwenyewe. Nyuki wa pwani yetu si yule yule wa bara. Mwaka 1961 bwana F. G. Smith, mtaalamu wa nyuki wa Tanganyika, alimweleza kuwa ni kabila lake peke yake, akampa jina la kitaalamu litorea, maana yake wa pwani. Lakini ukidungwa hutauliza kabila.

Mwili wa kila mtu una askari wanaokaa katika damu, na kazi yao ni kutambua vitu vigeni. Wataalamu huwaita kingamwili. Wapo wa aina nyingi, nasi leo tunahitaji kuwajua wa aina mbili tu. Aina ya kwanza huitwa IgE. Ilivumbuliwa karibu mwaka 1966 na 1967 na wataalamu Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke Wajapani waliofanya kazi Marekani, na wakati huo huo na wenzao Johansson na Bennich kule Sweden. Askari wa IgE ni wepesi wa hasira. Hushikamana na chembe fulani za mwili zilizojaa dawa kali iitwayo histamini, wakamngoja adui. Sumu ya nyuki ikiingia, wao huzifungua chembe hizo zote kwa mara moja. Histamini ikimwagika, mishipa ya damu hulegea, koo huvimba, nguvu ya damu hushuka. Hali hiyo huitwa anafilaksisi, nayo yaweza kuua.

Sasa waona kwa nini mwaka jana mdogo wetu hakudhurika. Siku ile mwili wake ulikuwa unafunzwa tu. Sumu ilipita, askari wa IgE wakaumbwa, wakakaa wakingoja. Hasara ilikuja safari ya pili.

Aina ya pili ni IgG, na hasa tawi lake liitwalo IgG4. Hawa ni wapole. Huikamata sumu njiani, kabla haijawafikia wale wenye hasira. Wafuga nyuki wanaodungwa mara nyingi sana kila mwaka huwa na IgG tele katika damu, na ni nadra wao kupatwa na anafilaksisi. Walio katika hatari zaidi ni wale wanaodungwa mara chache chache, pamoja na watu wa nyumbani mwao.

Hapo ndipo waganga walipopata wazo: je, mtu mwenye hatari hawezi kufundishwa polepole awe kama mfuga nyuki mzee? Mwaka 1911 bwana Leonard Noon wa London alikuwa amekwisha kuwadunga sindano za vumbi la maua ya majani watu wanaosumbuliwa na mafua ya vumbi hilo, akianza na kiasi kidogo mno. Kwa nyuki njia ilikuwa na makosa mengi. Miaka mingi waganga walisaga nyuki wazima, mabawa na miguu na vyote, wakawadunga wagonjwa maji yake. Daktari Mary Loveless wa New York hakuridhika. Katika miaka ya 1950 alikaa akitoa vifuko vya sumu katika miili ya nyigu kimoja kimoja, akatumia sumu yenyewe. Wengi hawakumfuata.

Ilikuwa mwaka 1978 ndipo wataalamu wa Baltimore, Marekani, walipomaliza ubishi. Waliwagawa wagonjwa mafungu matatu: wengine wakapewa sumu safi, wengine maji ya wadudu waliosagwa, wengine sindano isiyo na dawa. Kisha wakawaacha wadungwe na mdudu mzima hospitalini, madaktari wamesimama karibu. Katika fungu la sumu safi ni mmoja tu aliyedhurika. Katika mafungu mengine mawili walidhurika zaidi ya nusu, na waliopewa wadudu waliosagwa hawakuwa na nafuu yoyote kuliko waliodanganywa! Tangu hapo dawa ni sumu yenyewe. Huanza kidogo mno, huongezwa mpaka maikrogramu 100, yaani karibu sawa na miiba miwili ya nyuki, na mgonjwa hurudia sindano kwa miaka 3 hadi 5.

Damu hupimwa ili kuona kama mafunzo yanaingia. Miezi ya kwanza IgE hupanda, jambo linalowatisha wagonjwa bure, halafu hushuka mwaka hata mwaka. IgG4 nayo hupanda kwa nguvu. Hapo mtu angependa kusema: hesabu imetimia, nenda zako mikokoni. Lakini ngoja kwanza. Wako wenye IgG4 nyingi waliodungwa wakaanguka, na wako ambao IgG4 yao ilishuka baada ya kumaliza dawa, wakadungwa wasipate kitu. Hesabu ya damu huonyesha kuwa mwili umesikia somo. Haithibitishi kuwa umefaulu mtihani. Mtihani ni mwiba wenyewe.

Wazazi wa Bagamoyo hawatashangaa kusikia hayo. Kuanzia mwaka 2009 Taasisi ya Afya Ifakara, katika kituo chake cha Bagamoyo, ilijaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, pamoja na vituo vingine 10 vya Afrika. Watoto wetu walitolewa damu zipimwe kingamwili. Zilipanda sana miezi ya kwanza, halafu zikapungua, na kinga nayo ikapungua. Hata hivyo haikupatikana hesabu moja ya kumwambia mama fulani kwamba mwanawe hataugua kamwe.

Turudi kwa mdogo wetu aliyeanguka. Sindano za miaka mitano hazimo katika zahanati ya kijiji. Dawa ya saa ile ni nyingine, nayo ni ya bei ndogo: adrenalini, iliyo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mganga huidunga katika msuli wa paja, upande wa nje, mapema iwezekanavyo. Wakati wa kumpeleka, mlazeni chali, miguu juu kidogo. Akishindwa kupumua akiwa amelala, aketi, lakini msimsimamishe wala kumtembeza. Mwiba ung'oeni upesi kwa kucha au kwa kisu, vyovyote, kwa kuwa kifuko chake huendelea kusukuma sumu. Vitunguu na mafuta ya taa havifai kitu. Na aliyedungwa mara mamia, hata kama hana mzio, apelekwe hospitali vile vile, maana sumu nyingi humdhuru kila mtu.

Basi ninyi mnaorina asali, kabla ya maua ya mchu, pitieni zahanati mkaulize mambo mawili: kama adrenalini ipo, na ni nani anayeshika ufunguo wa kabati siku ya Jumapili.