Wenye mali wakifunga mufuko, wanaweza kutufunga na sisi?



Mwaka wa kwanza kisha ya kupata lisansi yangu ya agronomia, nilitayarisha hekta 3 za mahindi, kilometa 40 hivi kutoka Lubumbashi. Shamba lilikuwa limelimwa, mbegu ilikuwa nyumbani. Engrais njo ilikosekana. Mufanyabiashara mumoja alikubali kunipa kwa deni: mufuko 1 wa engrais, nitarudisha mifuko 3 ya mahindi kwenye mavuno. Tukapeana mukono.

Mvua ilianguka katikati ya Novemba. Nikaenda na kamyo ya kukodi kuchukua vitu vyangu. Muzee akaniangalia, akasema: "Mwanangu, sasa ni mifuko 5. Kama hautaki, acha." Hakunitukana, hakunifukuza. Alijua tu kama mvua haiwezi kunigoja. Nilikubali 5, na kwenye mavuno nilifanyia kazi yeye.

Tangu siku ile, kila wakati ninasikia watu wanasema "tusiwaguse wenye mali, wataondoa franka zao na inchi itakufa", ninajiuliza swali moja: kati ya hawa wawili, nani anaweza kungoja? Tuangalie historia yetu wenyewe, hapa Katanga.

1. 1967: shaba ni yetu, lakini nani atainunua?

Mwisho wa 1966, Mobutu aliomba Union Minière ilete makao yake makubwa kutoka Bruxelles mpaka Kinshasa. Kampuni ikakataa. Tarehe 1 Januari 1967 Leta ikachukua migodi yote na kuiweka katika kampuni mupya, Gécomin, ile tunaita leo Gécamines.

Wengi walifikiri mambo yameisha. Lakini Union Minière ilitangaza kama itashitaki kila mutu atakayenunua ile shaba. Migodi ilibaki hapa, ni kweli, maana hakuna mutu anaweza kubeba kilima cha Kipushi mpaka Ubelgiji. Ila wateja, njia za kuuza, na ujuzi wa maenjinia, hivyo vyote vilikuwa mikononi mwao. Na Leta ilikuwa inakula sana kutoka kwa shaba. Haikuweza kungoja mwaka muzima.

Februari 1967 mapatano yakafanyika: kazi ya kuendesha na kuuza ikapewa Société Générale des Minerais, ndugu wa Union Minière katika familia moja ya kampuni. Basi tulishinda jina na mali ya chini ya udongo, wao wakabaki na mulango wa soko.

2. 1973: hakuna aliyetutisha, tulijifunga wenyewe

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisation. Maduka, mashamba makubwa na biashara za wageni vikapewa wana inchi, wengi wao wakubwa wa serikali na marafiki wao. Hapa somo liko wazi zaidi kwetu watu wa kilimo. Shamba la kahawa au la michikichi haliendi popote. Lakini mutu aliyepewa alikuta hana franka za kulipa wafanyakazi, hana vipuri, hana mutu wa kumukopesha. Wengi waliuza stoki yote, wakafunga. Kufikia 1976, Leta ilikuwa inawaita wenyewe wa zamani warudi.

Tukumbuke hii wakati tunasema "tunyanganye tu". Mutaji si majengo na miti peke yake. Ni pia franka za kuzungusha kazi kati ya siku ya kupanda na siku ya kuuza. Ile sehemu inaondoka kwa ndege siku moja.

3. 2018: walitisha kuondoka, lakini hawakuondoka

Mwanzo wa 2018 bunge lilikuwa limepitisha sheria mupya ya madini. Ile ya 2002 iliomba redevansi ya 2% juu ya shaba na kobalti. Mupya ikaweka 3.5%, na 10% kwa madini yatakayoitwa ya kimukakati. Pia, ahadi ya kutobadilisha kanuni kwa miaka 10 ikashuka mpaka 5. Wakubwa wa kampuni walikuja wenyewe Kinshasa. Tarehe 7 Machi 2018 Rais Kabila aliwapokea, kati yao Ivan Glasenberg wa Glencore na Mark Bristow wa Randgold. Neno lao lilikuwa: mukisaini hii, mutaji utakauka.

Siku 2 kisha, tarehe 9 Machi, sheria ikasainiwa. Novemba ile ile, kobalti ikawekwa katika madini ya kimukakati.

Nini ilifuata? Mwisho wa 2019 Glencore ilisimamisha Mutanda, karibu na Kolwezi, mugodi wa kobalti mukubwa kuliko yote duniani wakati ule. Familia nyingi zilipoteza mushahara, tusifiche hii. Lakini bei ya kobalti ilikuwa imeanguka sana, na kufunga kulikuwa na faida kwa hesabu yao. Kuanzia 2021 kazi ikarudi polepole. Mwaka ule ule, Mei 2021, Kamoa-Kakula ikaanza kutoa shaba chini ya sheria hii mupya. Inchi nzima ilitoa karibu tani milioni 1.2 za shaba mwaka wa 2018. Mwaka wa 2024 ilipita milioni 3.

Juu ya nini walibaki? Kwanza, mabilioni yao yalikuwa tayari chini ya udongo: mashine, barabara, viwanda. Yule aliyekwisha kuchimba hawezi kungoja. Pili, hawakuwa peke yao. Waamerika wa Freeport waliuza sehemu yao ya Tenke Fungurume mwaka wa 2016, na Wachina wa CMOC wakanunua. Mumoja akitoka, mwingine anaingia, kama mali ni ya kutamaniwa.

4. 2025: sisi njo tulifunga

Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha kutoa kobalti inchini, juu bei ilikuwa chini sana. Congo inatoa zaidi ya 70% ya kobalti ya dunia. Oktoba ikabadilisha, ikaweka kiasi kwa kila kampuni. Bei ilipanda zaidi ya mara mbili. Kumbe na sisi tunaweza kuzuia! Lakini nani aliumia mbele? Creuseur wa Kolwezi, anayeuza leo ili watoto wale bukari leo. Yeye hana stoki, hana siku za kungoja.

Basi jibu langu ni hili. Wenye mali wanaweza kutufunga, ndiyo, lakini si kila siku na si kila mahali. Wanaweza pale franka zao bado ziko mufukoni, pale wako mumoja tu mulangoni, na pale sisi tuna haraka kuliko wao. Wakikwisha kuweka mashine chini, kitisho chao kinapungua sana.

Tena, tusichanganye kitisho na hesabu. Katika kilimo, hakuna mwenye mali anayetutisha. Hawaji tu. Umeme hakuna, barabara ya shamba inakufa kila mvua, banki inataka mukopo urudi mbele mahindi yakauke. Hiyo si kutekwa nyara. Mutu amepiga hesabu, akaenda kwingine. Matokeo tunayala: Lubumbashi inategemea mahindi ya Zambia, na Kasumbalesa ikifungwa, bei ya bunga inapanda. Kilimo hakikosi udongo. Kinakosa mutu anayeweza kungoja miezi 6.

Kwa upande wangu, mwaka uliofuata tulifanya likelemba ya watu 11, wote wa promosheni moja. Kila mumoja alitoa kidogo kila mwezi tangu Februari. Agosti, wakati hakuna mutu anayetafuta engrais, tukanunua ya wote kwa bei nzuri, tukaiweka kwa mumoja wetu. Si utajiri. Mumoja alishindwa kulipa, tulimubeba. Lakini Novemba, mvua ilipoanguka, nilipita mbele ya duka la yule muzee. Akaniita: "Mwanangu, mwaka huu hautaki?" Nikamujibu: "Muzee, unifanyie 2 kwa 1, nitafikiri."

Alicheka. Halafu akasema tuzungumuze.