Hatari ya Kitanda Baada ya Upasuaji wa Nyonga

Mzee anapoteleza bafuni na kuvunjika nyonga, majirani husema amevunjika mguu, ingawa palipovunjika ni sehemu ya juu ya fupa la paja, ama kwenye shingo yake nyembamba, ama chini kidogo ya hapo. Mahali hapo ndipo panapoamua kama daktari ataunga mfupa kwa vyuma au ataondoa kichwa chake na kuweka kipandikizi, yaani kiungo bandia. Hata Uingereza, ambako upasuaji hufanywa mapema, karibu robo ya wagonjwa hao hufariki kabla ya mwaka kwisha, na mara nyingi kinachowaua si mfupa, bali ni nimonia, damu iliyoganda, moyo kushindwa au vidonda vilivyooza, ambayo ni maradhi ya mtu aliyelala.

Kwa mkazi wa kata ya Kamunyonge, Musoma, kulala huko huanza kabla ya upasuaji. Miongozo mingi ya tiba hutaka mgonjwa apasuliwe ndani ya siku mbili, lakini siku hizo huweza kuishia nyumbani kwa kuchua na kufunga vijiti, au katika kuchangishana fedha, kabla mzee hajafikishwa Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyoko Kwangwa. Na ikilazimu rufaa, Hospitali ya Bugando iko Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara.

Baada ya upasuaji, wema wa ndugu nao huweza kudhuru. Katika wodi zetu ndugu ndiye anayelisha, anayeogesha na anayegeuza mgonjwa, na ndiye husema, kwa huruma, mzee aachwe apumzike kwanza. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wazee wenye afya njema, waliolazwa kitandani siku 10 tu bila ugonjwa wowote, walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Aliyevunjika nyonga hana akiba ya kupoteza kiasi hicho. Kwa sababu hiyo, daktari asipokataza, mgonjwa huketishwa na kusimamishwa siku inayofuata, akiwa amepewa dawa ya maumivu ya kutosha, kwa kuwa anayeumia hatembei wala hakohoi vizuri, na makohozi yanayobaki kifuani ndiyo hugeuka nimonia. Damu nayo, isiposukumwa na misuli, huganda katika mishipa ya mguu, na bonge lake likikatika hukimbilia mapafuni. Uvimbe wa ghafla wa mguu mmoja, au kuhema kwa shida, ni jambo la kumwita muuguzi saa hiyo hiyo.

Hatari inayoeleweka vibaya kuliko zote ni kuchanganyikiwa kwa ghafla. Usiku wa pili au wa tatu mzee huanza kuita waliokwisha kufa au kung'oa dripu, na wapo watakaosema amerogwa, ilhali chanzo huwa ni maambukizi, upungufu wa maji, mkojo uliojaa kibofuni au dawa fulani, na hali hiyo kwa kawaida hutulia chanzo kikitibiwa. Anayenyamaza na kusinzia mchana kutwa huenda amechanganyikiwa vilevile, na kwa kuwa hasumbui mtu, huyo ndiye husahaulika. Miwani yake, sauti anayoifahamu na maji ya kunywa humsaidia kuliko kufungwa mikono.

Nyumbani, choo cha kuchuchumaa na kigoda cha jikoni huwa vizuizi vikubwa, kwani aliyewekewa kipandikizi, akikunja nyonga sana, huweza kukitegua, hasa katika wiki za mwanzo. Fundi seremala wa mtaani anaweza kutoboa kiti imara kikawekwa juu ya tundu la choo. Chakula nacho ni tiba: uji mtupu, ambao wengi huuona ndio chakula cha mgonjwa, haujengi misuli wala hauponyi kidonda, wakati dagaa na sato wa ziwani, mayai, maharage na maziwa vinapatikana sokoni. Kisha hubaki nyonga ya pili, ambayo ina udhaifu uleule wa mifupa, na ambayo daktari hupaswa kuulizwa habari zake, pamoja na dawa za kuimarisha mifupa, siku ile ile mgonjwa anaporudi kuangaliwa mshono.