Pumu Mokambo: kazi iko kwenye kutoa pumzi

Mtu akishikwa na pumu usiku, walio karibu humhimiza avute pumzi kwa nguvu. Wanamwonea. Kifua chake kimekwisha kujaa hewa; kinachomshinda ni kuitoa.

Hewa hupita kwenye koo la pumzi, ambalo hugawanyika matawi mawili, na kila tawi hugawanyika tena na tena, takriban mara 23, mpaka kwenye vifuko vidogo ambamo oksijeni huingia kwenye damu. Pumu haigusi vifuko, inashika njia. Misuli inayozizunguka hukaza, utando wa ndani huvimba, ute mzito hujaa. Hesabu yake ni kali: upana wa njia ukipungua nusu, ugumu wa hewa kupita huongezeka mara 16. Tukivuta pumzi, kifua hutanuka na njia nazo hufunguka kidogo, tukiitoa, hubanwa. Ndiyo maana hewa huingia kwa taabu, hutoka kwa taabu zaidi, na nyingine hubaki humo humo. Ule mluzi ni hewa inayopenya mahali pembamba. Ukinyamaza ghafla na mgonjwa bado anahangaika, msifurahi: hewa karibu haipiti tena.

Mokambo haikosi vya kuichokoza pumu. Kuna malori ya mpakani na vumbi la kiangazi, na baridi ya Juni ikiuma, kuna mbabula ya makala iliyoingizwa chumbani, ambayo hata asiye na pumu inaweza kumwua usingizini. Ng'ambo ya mpaka, mjini Mufulira, kiwanda cha kuyeyusha shaba kilitoa kwa miaka mingi gesi ya salfa ambayo wakazi wa kule huiita senta. Mitambo ya kuinasa ilikamilishwa mwaka 2014. Gesi hiyo ikiwa kidogo, mzima wa afya anaweza asiisikie. Mwenye pumu hubanwa ndani ya dakika chache, hasa akiwa anasukuma baiskeli yenye mzigo, maana anavuta hewa nyingi.

Pampu ya bluu ya salbutamol hulegeza misuli upesi, na nguvu yake hudumu saa 4 hadi 6. Uvimbe inauacha palepale. Ya kuutuliza ni pampu nyingine, yenye dawa kama beklometasoni, ambayo mgonjwa huivuta kila siku hata akijisikia mzima. Hapo ndipo wengi huteleza: dawa isiyoleta nafuu papo hapo huonekana ya bure. Tangu 2019 miongozo ya kimataifa imeacha kushauri salbutamol peke yake kwa watu wazima na vijana. Mwaka huohuo pumu iliua watu wapatao 455,000 duniani, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Mtoto asiyeweza kuvuta pampu vizuri ana njia rahisi. Madaktari wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa kitakoni na pampu kukazwa hapo, hufanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Mwombe muuguzi akuonyeshe.

Na mzazi, ukiona mbavu za mtoto zinaingia ndani akipumua, au hawezi kumaliza sentensi moja, usingoje kuche. Mpe pampu ya bluu, kisha mpeleke hospitali usiku huohuo.