Kalenda Mbili za Mwanafunzi Mmoja

Mwanafunzi anayevuka mpaka kwenda kusoma huandaliwa na nchi mbili: ile anayotoka na ile anayokwenda. Miaka ya kawaida kazi hizo mbili hupokezana kimyakimya, wala hakuna anayeuliza zinaungana wapi. Mwaka 2021, janga la UVIKO-19 lilipoanza kulegea, mahali pa kuungana palionekana wazi, na palikuwa na ufa. Ili kuueleza ufa huo tutamfuata mwanafunzi wa aina moja tu: aliyetoka Kenya au Tanzania kwenda chuo kikuu cha Uingereza, muhula unaoanza Septemba 2021.

Kipindi cha ahueni, katika makala hii, ni muda ambao vyuo vimefunguliwa na safari zimeruhusiwa, lakini masharti ya afya bado yanabadilika. Maandalizi ni yote yanayomfanya mwanafunzi aweze kusoma tangu siku ya kwanza: vyeti, viza, fedha, afya, na uzoefu wa kukaa darasani. Jambo la msingi ni kwamba nchi hazikupata ahueni kwa pamoja. Kila moja ilifuata kalenda yake, na mwanafunzi alilazimika kuzitii zote mbili.

Tuanze na vyeti. Kenya ilifunga shule Machi 2020. Watahiniwa wa kidato cha nne walirudi Oktoba 12 mwaka huo, wakafanya KCSE, mtihani wa kuhitimu sekondari, Machi na Aprili 2021, na matokeo yakatangazwa Mei. Katika mwaka wa kawaida matokeo hayo hutoka Desemba au mwanzoni mwa Januari. Vyuo vingi vya Uingereza humtaka mwenye KCSE apitie kwanza mwaka wa msingi kabla ya shahada, na mwaka huo wa msingi nao kwa kawaida huanza Septemba. Kwa hiyo kijana ambaye zamani angekuwa na miezi minane au tisa ya kujipanga alibakiwa na minne. Uingereza haikusogeza Septemba yake.

Ndani ya miezi hiyo minne kulikuwa na hatua zisizoweza kufanywa kwa wakati mmoja. Viza ya mwanafunzi huombwa baada ya chuo kutoa uthibitisho wa udahili, na mara nyingi chuo hakitoi uthibitisho huo kabla ya kulipwa sehemu ya ada. Muombaji kutoka Kenya huhitaji pia cheti cha kipimo cha kifua kikuu. Fedha za kujikimu zilipaswa kukaa benki siku 28 mfululizo bila kupungua chini ya kiwango: wakati huo, pauni 1,334 kwa mwezi kwa anayesoma London na 1,023 kwa anayesoma kwingine, hadi miezi tisa. Ukiongeza tozo ya huduma ya afya, wakati huo pauni 470 kwa kila mwaka wa viza, na takriban wiki 3 za kusubiri uamuzi, unaona jinsi kuchelewa kwa hatua moja kulivyosukuma zote zinazofuata. Familia ambayo fedha zake hutoka kwa wajomba na shangazi, kila mmoja akituma kwa nafasi yake, hupata shida hasa kwenye zile siku 28. Nadhani maofisa wengi wa udahili hawalifahamu hilo, kwa sababu fomu huonyesha salio tu. Jinsi salio lilivyopatikana haionyeshi.

Kalenda ya chanjo nayo ilikuwa na mwendo wake. Kenya ilianza kuchanja Machi 2021 kwa chanjo ya AstraZeneca, ambayo dozi zake mbili hutenganishwa kwa wiki kadhaa. Tanzania ilipokea dozi za kwanza za Johnson & Johnson Julai 24, na Rais Samia Suluhu Hassan akazindua uchanjaji kwa kuchanjwa mwenyewe Julai 28. Chanjo hiyo ni ya dozi moja, jambo lililomsaidia msafiri wa Septemba, ila nafasi ya kuipata ilikuwa wiki chache tu.

Hapo ndipo tunafika kwenye orodha nyekundu. Hii ilikuwa orodha ya Serikali ya Uingereza ya nchi ambazo msafiri akitoka huko haruhusiwi kuingia, isipokuwa awe raia wa Uingereza au Ireland, au awe na haki ya ukaazi. Viza ya mwanafunzi ilihesabiwa kuwa haki hiyo. Lakini aliyeingia alilazimika kukaa siku 10 katika hoteli iliyoteuliwa na kupimwa mara mbili, kwa gharama yake mwenyewe. Tanzania iliwekwa humo Januari 2021 na kutolewa Oktoba 11. Kenya iliwekwa Aprili 9 na kutolewa Septemba 22.

Gharama ya hoteli na vipimo ilikuwa pauni 1,750 kwa mtu mzima. Kuanzia Agosti 12 ikapanda hadi 2,285. Kiasi hicho kinazidi fedha za kujikimu za miezi miwili nje ya London, na hakikuwamo katika hesabu iliyodaiwa na viza. Mzazi aliyekamilisha masharti yote Julai alijikuta Agosti akidaiwa fungu ambalo hakuna fomu iliyomtaka aliandae. Njia nyingine ya kisheria ilikuwa kukaa siku 10 katika nchi ya tatu isiyo kwenye orodha hiyo, kwa gharama yake pia. Na Mkenya aliyetua Septemba 20 alilipa hoteli. Aliyetua Septemba 23 hakulipa. Tangazo la kuondolewa lilitolewa Septemba 17, wakati wengi walikuwa wameshakata tiketi.

Kulikuwa na chaguo la kuanza masomo kwa mtandao ukiwa nyumbani. Lilisaidia, lakini lilikuwa na mpaka wake. Julai 1, 2021 Uingereza ilifungua utaratibu wa kumruhusu mhitimu kubaki miaka 2 akifanya kazi, na aliyeanza kwa mbali alitakiwa awe ameingia nchini kabla ya tarehe fulani, awali Aprili 6, 2022, ili asiipoteze haki hiyo. Zaidi ya hapo, mtandao wa majumbani kwetu hukatika, na vifurushi vinaisha.

Akishafika, mwanafunzi alikuta chuo chenyewe kimepona nusu. England iliondoa masharti mengi Julai 19, lakini vyuo vingi viliendelea kutoa mihadhara mikubwa kwa mtandao na kuacha semina tu ziwe ana kwa ana. Semina ni darasa la watu wachache ambamo mwanafunzi hutarajiwa kubishana na hoja, hata ya mwalimu. Kwa mtoto aliyelelewa kumsikiliza mwalimu na kunyamaza, ujuzi huo haupatikani kwa kusoma kijitabu cha maelekezo. Hujifunzwa kwa kutazama wengine kwanza, na mahali pa kutazama bila kuulizwa ni ukumbi wa mihadhara na maongezi ya mlangoni baada ya kipindi. Hivyo ndivyo vilivyokosekana. Aliyetoka hotelini baada ya wiki ya mapokezi kupita aliingia semina ya kwanza bila kumjua hata mtu mmoja. Nafuu ilikuwa kwamba chanjo ilitolewa bure kwa wote waliokuwa nchini, bila kujali uraia, na kujiandikisha kwa daktari wa eneo hakukuwa na malipo.

Sasa naweza kusema ninavyoona. Vyuo vingi viliyachukulia maandalizi kuwa shughuli ya wiki ya mapokezi, ilhali mambo mazito yalikuwa yameshaamuliwa kati ya Mei na Septemba, na uzito wake ukabebwa na mzazi. Baadhi ya vyuo vilichangia gharama za hoteli, na vinastahili sifa. Lakini msaada unaotolewa baada ya mtu kukwama haumsaidii aliyekata tamaa Agosti, ambaye hakuonekana tena katika orodha yoyote. Hatari ya sheria kubadilika katikati ya safari inapaswa kubebwa na anayepanga kalenda. Barua ya udahili iseme siku ya mwisho ya kuwasili bila adhabu, iseme kama kozi inaweza kuanzwa Januari, na iahidi kwamba malipo ya awali yatarudishwa au kuhamishiwa mwaka unaofuata ikiwa serikali itaongeza sharti la kusafiri baada ya ada kulipwa. Sentensi hizo tatu ziwe ukurasa wa kwanza, juu ya namba ya akaunti ya benki.