Ujira Kabla Jua Halijatua

Mwaka 1960, katika magofu ya ngome ya Mesad Hashavyahu, pwani ya Israeli, wanaakiolojia walipata kigae chenye maandishi ya wino, cha miaka ipatayo 2,600. Ni malalamiko ya kibarua wa mavuno kwa mkuu wa mahali pale. Amevuna, amepima, ameweka nafaka ghalani, kisha mtu aitwaye Hoshayahu amechukua vazi lake. Wenzake waliovuna naye juani watamshuhudia. Anaomba arudishiwe vazi.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinaeleza uzito wa dai hilo: vazi la maskini lililowekwa rehani lirudishwe kabla ya jua kutua, maana ndilo analojifunika usiku. Kumbukumbu la Torati 24 linaongeza kwamba kibarua alipwe siku ileile, awe mzawa au mgeni. Tajiri hakuachiwa aamue kwa huruma yake, aliwekewa sheria. Kwangu mimi, shina la Mafundisho Jamii ya Kanisa liko hapo.

Wapo waumini wanaonung'unika padre akigusia mishahara, eti ameacha Injili na kuingia siasa. Wamsome Amosi, mchungaji wa Tekoa, aliyewakemea waliomuuza maskini kwa thamani ya jozi ya viatu. Wasome Waraka wa Yakobo, sura ya 5, ambamo ujira waliodhulumiwa wavunaji unamlilia Mungu. Maneno hayo ya Yakobo Papa Leo XIII aliyanukuu katika waraka wake Rerum Novarum wa tarehe 15 Mei 1891, viwanda vya Ulaya vilipokuwa vikiwatumikisha hata watoto.

Wenye mali walikuwa na utetezi wao: mfanyakazi amekubali mwenyewe. Papa akajibu kwamba makubaliano peke yake hayatoshi. Aliyepokea ujira duni kwa kuwa shida imembana amelazimishwa, na ujira wa haki haupungui kile kinachomwezesha mtu kuishi. Papa Leo XIV naye, alipochaguliwa Mei 2025, alieleza kuwa jina lake amelichukua hasa kwa ajili ya waraka huo, akiitaja akili mnemba kuwa changamoto mpya kwa utu na kazi.

Jibu lile la 1891 linaingia hadi majumbani mwetu. Dada wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini, hana hata nauli ya kurudi, hukubali chochote anachotajiwa. Mwisho wa mwezi anaambiwa asubiri mshahara, na sahani aliyovunja inakatwa humohumo. Inaniuma, kwa sababu mara nyingine nyumba hiyo ni ya Wakristo wanaosali kila jioni. Jumuiya ndogo ndogo zetu husoma Neno nyumba kwa nyumba kila wiki. Naomba zisome Yakobo 5, dada akiwa ameketi sebuleni pamoja na wengine badala ya kuachwa jikoni na chai, na mwenye nyumba aulizwe amemlipa lini mara ya mwisho.